Maarifa kwa Mkulima: Jinsi Maji Yanavyojishika Yenyewe

Atembeaye asubuhi katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, kabla jua halijapanda, huona jambo ambalo wenyeji wamelizoea hata hawaliulizi sababu yake. Juu ya majani umande umekaa matone matone, mviringo kama shanga za kioo. Maji hayo hayakutandaa juu ya jani kama rangi itandaavyo ukutani. Yamejikusanya. Tawi likitikiswa, tone moja huteremka likakutana na jenzake, na papo hapo yale mawili huwa tone moja.

Jambo hilo ni dogo, lakini nguvu iliyoufinyanga umande ndiyo ile ile ipandishayo maji kutoka mizizini mpaka kwenye machipukizi ya mchai. Ndiyo pia iigandishayo mvua ya mawe, ambayo kwa robo saa yaweza kuharibu zao la wiki nzima. Tena ndiyo imalizayo kuni za kiwanda, na bei ya kuni hizo hutoka katika mapato ya chai ya mkulima. Basi yafaa kila alimaye chai aijue nguvu hii ni kitu gani, na aweze kuifuata njia yake tangu shambani hata kiwandani.

CHEMBE ZISHIKANAZO

Kila kitu kimefanyizwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ziitwazo molekuli. Katika tone moja la umande mna molekuli nyingi kupita hesabu ya michai yote iliyopata kupandwa duniani. Molekuli hizo hazikai kila moja peke yake kama wageni wasiojuana, bali kila moja huivuta iliyo karibu nayo. Mvutano huu baina ya molekuli za namna moja huitwa mshikamano. Usichanganywe na kile kifungo kilichomo ndani ya molekuli yenyewe, kiunganishacho sehemu zake. Hicho ni kifungo kingine, chenye nguvu nyingi zaidi.

Mmoja wa watu walioueleza mshikamano kwa hesabu zilizo wazi alikuwa Mholanzi Johannes van der Waals. Mwaka 1873, katika maandiko yake ya kupata shahada huko Leiden, alionyesha kwamba haiwezekani kueleza jinsi hewa igeukavyo kuwa maji maji kama hukubali kwamba molekuli zake huvutana. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1910. Baadaye, mwaka 1930, Mjerumani Fritz London alieleza kwa nini hata molekuli zisizo na umeme wa kuonekana, kama za nta na za mafuta ya taa, huvutana: umeme mdogo uliomo ndani yake huyumba daima huku na huku, na kuyumba kwa molekuli moja huiamsha ya jirani.

Lakini maji yana mvutano wa namna yake, ambao ni mkubwa kuliko huo. Molekuli ya maji ina chembe moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni. Upande wa oksijeni una umeme hasi kidogo, na upande wa haidrojeni una umeme chanya kidogo. Kwa hiyo haidrojeni ya molekuli hii huielekea oksijeni ya molekuli ile, zikashikana kama watu walioshikana mikono katika ngoma. Molekuli moja ya maji yaweza kuwashika jirani 4 kwa wakati mmoja. Mikono hiyo huachana na kushikana tena mara nyingi mno katika sekunde moja, na ndiyo sababu maji hutiririka. Lakini wakati wowote ule mikono mingi huwa imeshikana. Wamarekani wawili, Wendell Latimer na Worth Rodebush, walikieleza kifungo hiki mwaka 1920.

Atakaye kuupima ukubwa wa nguvu hii na alinganishe maji na methani, ile gesi iwakayo ipatikanayo kwa kuozesha kinyesi cha ng'ombe katika shimo lililofunikwa. Molekuli ya methani na molekuli ya maji zinakaribiana sana kwa uzito: moja ni 16 na nyingine ni 18. Hata hivyo methani huchemka na kuwa gesi katika baridi ya digrii 161 chini ya sifuri, na maji hungoja mpaka joto lifike digrii 100 katika usawa wa bahari. Tofauti yote hiyo yatokana na kwamba molekuli za methani hushikana kwa udhaifu, na za maji hushikana sana. Katika mashamba ya Kericho yaliyo kama mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na haiyakandamizi maji sana, kwa hiyo huchemka katika joto la digrii 93 hivi.

Mwenye shaka aweza kufanya jaribio mezani. Na aiweke sarafu ya shilingi mahali palipo sawa, kisha adondoshe maji juu yake tone kwa tone. Atashangaa kuona maji yanajaa na kupanda juu ya ukingo wa sarafu kama kichuguu, wala hayamwagiki. Molekuli zilizo juu, zikiwa hazina wenzao wa kuwashika kwa upande wa hewani, huvutwa ndani na kwa kando, na uso wa maji hukaza kama ngozi ya ngoma. Kisha na aguse maji hayo kwa kijiti kilichopakwa sabuni. Sabuni huingia baina ya molekuli za juu na kulegeza mikono yake, na kile kichuguu huporomoka mara moja.

Hapa ndipo umande unapoelezeka. Jani la mchai lina utando mwembamba wa nta. Maji hayana mapenzi makubwa na nta, lakini yana mapenzi makubwa na maji. Basi hujivuta yenyewe kwa yenyewe na kuwa tone.

KAMBA YA MAJI NDANI YA MCHAI

Kwa muda mrefu wataalamu waliulizana maji hupandaje juu ya mti. Bomba la kunyonya, hata likiwa zuri namna gani, haliwezi kuyavuta maji kwenda juu zaidi ya mita 10 hivi katika usawa wa bahari, na katika nchi ya juu kama Kericho hata mita 8 ni shida. Lakini katika msitu wa Mau Kusini Magharibi, unaopakana na mashamba ya chai, imo miti mirefu kupita mita 30, na vilele vyake ni vibichi. Mti hauna moyo wala pampu. Ni nani basi ayapandishaye maji hayo?

Jibu lilitolewa Dublin mwaka 1894 na Henry Dixon na John Joly. Walisema kwamba maji hayasukumwi kutoka chini, yanavutwa kutoka juu. Jua lipigapo jani, molekuli za maji hutoka katika vitundu vidogo sana vya jani na kuingia hewani. Kila itokayo huacha pengo, na iliyo nyuma yake huvutwa kulijaza, kwa kuwa zilikuwa zimeshikana. Hiyo nayo huivuta ya nyuma yake, na vivyo hivyo mpaka chini kwenye ncha ya mzizi. Ndani ya mirija myembamba ya shina maji yamekuwa kamba moja isiyokatika, ambayo mwisho wake wa juu huvutwa na jua na mwisho wake wa chini umo udongoni. Kuta za mirija nazo huyashika maji yasiachane nazo. Karibu maji yote yanyonywayo na mizizi hupita njia hiyo na kwenda zake hewani. Ni sehemu ndogo tu ibakiayo kujenga mmea.

Mchai nao huishi kwa kamba hiyo. Ingawa hupogolewa ukakaa kimo cha kiuno ili wachumaji waufikie, kwa asili yake ni mti, na ukiachwa hurefuka sana. Kila chipukizi la majani mawili na kikonyo litiwalo kikapuni limeletewa maji kwa kuvutana huko.

Kamba, hata ikiwa imara, yaweza kukatika. Katika miezi ya kiangazi, aghalabu tangu Januari hata Machi, jua huvuta kwa nguvu na udongo hautoi maji ya kutosha. Kamba hukazwa mpaka mshikamano unashindwa. Maji hukatika ghafula ndani ya mrija na povu la hewa huingia mahali pake. Mwaka 1966 watafiti waliutumia mmea wa mbarika, wakausikia kwa vyombo maalumu mlio mdogo wa kamba hizo zinapokatika. Mrija ulioingiwa na hewa hauwezi kupitisha maji, na mirija mingi ikiharibika, tawi hukauka kuanzia nchani.

Kwa hiyo mkulima anapolinda unyevu wa udongo huwa analinda kamba hizo. Matawi yaliyopogolewa yaachwe papo hapo shambani yafunike udongo, yasichukuliwe yote kwenda jikoni au kulishwa ng'ombe. Michai michanga, ambayo mizizi yake bado ni mifupi, ndiyo ihitajiyo zaidi kufunikiwa udongo kwa nyasi kabla ya kiangazi.

MVUA YA MAWE NA VIINI VYAKE

Nchi ya chai ya Kericho na Nandi inajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe. Sababu yake ya kwanza ni mahali ilipo. Mchana upepo wenye unyevu hutoka Ziwa Victoria ukipanda kuelekea milima, ukakutana na upepo utokao mashariki, na hewa ikawa haina pa kwenda ila juu. Mawingu makubwa husimama alasiri. Tena kwa kuwa mashamba yenyewe yako juu, mawe yaangukayo hayapiti masafa marefu katika hewa ya vuguvugu, na hufika chini kabla hayajayeyuka. Huchana majani, huvunja machipukizi na kujeruhi magome, na wachumaji hungoja majuma mpaka mchai uchipue tena.

Lakini iko sababu nyingine ya kustaajabisha, ihusuyo namna molekuli za maji zinavyoshikana. Watu wengi hudhani kwamba maji hayana budi kuganda yafikapo digrii sifuri. Sivyo. Ili yawe barafu, molekuli hazina budi kujipanga safu kwa safu, kila moja imeshika jirani 4 kwa mpango maalumu. Katika tone dogo la wingu, ambalo ni safi, hakuna wa kuanzisha mpango huo. Molekuli hujaribu kujipanga na kutawanyika, na tone huweza kubaki maji katika baridi kubwa, pengine hata digrii 38 chini ya sifuri. Hungoja kiini, yaani chembe ya kitu kingine ambayo molekuli za kwanza zaweza kujipanga juu yake. Kikipatikana, nyingine hufuata upesi, kama askari wafuatavyo safu ya mbele.

Mwaka 1946 Mmarekani Bernard Vonnegut aligundua kwamba iodidi ya fedha ni kiini kizuri, kwa sababu umbo la chembe zake lafanana sana na la barafu. Ndipo katika miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa ya Kericho na Nandi walipogharimia ndege za kupeleka moshi wa dawa hiyo mawinguni. Matumaini yalikuwa kwamba viini vikiwa vingi, maji ya wingu yatagawanyika kuwa mawe madogo mengi yayeyukayo njiani, badala ya mawe makubwa machache. Kazi hiyo iliendelea miaka mingi. Hata hivyo mawingu ya kutiliwa dawa hayakuchaguliwa kwa kura na mengine kuachwa kwa kulinganisha, basi haikuwa rahisi kuthibitisha ni mawe mangapi yaliyozuiwa na dawa na mangapi yaliyozuiwa na majaliwa.

Katika miaka ya 1970 iligunduliwa tena kwamba viini vingine hutoka katika mimea yenyewe. Wako bakteria wakaao juu ya majani, waitwao Pseudomonas syringae, wenye protini ambayo huzipanga molekuli za maji kama zilivyo katika barafu, na kwa msaada wao maji huweza kuganda katika baridi ya digrii 2 tu chini ya sifuri. Mtaalamu wa hali ya hewa Russell Schnell alifanya uchunguzi katika mashamba ya chai ya Kenya, na mwaka 1982 yeye na mwenzake S. N. Tan-Schnell walichapisha habari kwamba takataka za majani ya chai zilizoko chini ya michai zina viini vingi vya barafu. Walifikiri kwamba vumbi lake, likitimuliwa na miguu ya wachumaji na kuchukuliwa na hewa ipandayo, laweza kufika mawinguni na kuanzisha mvua ya mawe.

Wazo hilo si hukumu iliyokwisha kukatwa, na mkulima asije akafagia shamba lake kwa kuogopa mawe. Faida ya majani yaliyooza kwa udongo ni ya hakika, na hatari yake mawinguni ni ya kudhaniwa.

KUNI HUENDA WAPI?

Chai iliyochumwa haijaachana na nguvu hii. Katika kilo 100 za majani mabichi, kilo 75 hadi 80 ni maji. Majani hayo yakitoka kiwandani yakiwa chai kavu huwa kilo 22 au 23 hivi, na maji yaliyobaki ndani yake ni sehemu 3 hivi tu katika 100. Kila molekuli iliyotolewa ilikuwa imewashika wenzake, na haikuachilia bure.

Maji kilo moja yakiwa na joto la digrii 20 huhitaji joto fulani ili yafike kuchemka. Lakini kuyageuza yote kuwa mvuke kwahitaji joto zaidi ya mara 6 ya hilo la kwanza. Mpishi hulijua jambo hili bila kulihesabu: sufuria huchemka upesi, lakini huchukua muda mrefu kukauka. Joto hilo la pili haliyazidishii maji joto hata kidogo. Kazi yake yote ni kuachanisha mikono ya molekuli.

Ndiyo maana mbele ya viwanda vya chai huonekana marundo makubwa ya magogo ya mikaratusi. Kuni hizo huwasha boila, mvuke wake huipasha hewa moto, na hewa hiyo hupulizwa katika majani. Kwanza majani hunyaushwa katika mabeseni marefu kwa hewa ya feni, na wakati wa mvua hewa hiyo nayo hupashwa joto. Kisha husagwa, huachwa yageuke rangi, na mwisho hukaushwa kwa hewa ya moto.

Hebu ifikiriwe tofauti hii. Majani kilo 100 yaliyochumwa pakavu huondolewa maji kilo 77 hivi. Mathalan yakichumwa mvuani yakafika na maji kilo 10 zaidi yaliyong'ang'ania juu yake, kiwanda hakina budi kuondoa kilo 87, wala hakipati chai ya ziada hata kijiko kimoja. Kuni zilizoongezeka hulipiwa, na katika kiwanda cha wakulima wadogo malipo hayo hutoka katika fungu lile lile ambalo mkulima hungoja kulipwa.

Kadhalika na kuni zenyewe. Gogo la mkaratusi lililokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Likitiwa motoni hali ni bichi, sehemu ya moto wake hutumika kwanza kuachanisha molekuli za maji yaliyomo ndani yake, na moshi huwa mwingi kuliko joto. Gogo lile lile likipasuliwa na kuwekwa bandani kwa miezi kadhaa, jua na upepo hufanya kazi hiyo bila malipo. Yaliyo kweli kwa kiwanda ni kweli kwa jiko la nyumbani: kuni kavu zilizopasuliwa, na sufuria iliyofunikwa kifuniko ili mvuke usichukue joto na kwenda nalo.

Hakuna mtu awezaye kuibadili nguvu hii ya maji, wala haifai kutamani ibadilike. Ingalikuwa dhaifu kama ya methani, kusingekuwa na mto, wala mvua, wala mti uliosimama katika Mau. Lakini mkulima aweza kuifuata inapomfaa na kuikwepa inapomla. Na aufunike udongo wake, ili kamba za maji zisikatike wakati wa kiangazi. Na ayakung'ute maji ya mvua katika majani kabla ya kuyapeleka kituoni, na asiyashindilie kikapuni. Na kamati za viwanda ziulize kila mwaka kama kuni zinunuliwazo zimekaushwa, kwa kuwa kila gogo bichi ni fedha zitumikazo kuchemsha maji ambayo jua lingaliyaondoa bure.